Kuchora Sura za Wazee Wetu kwa Vekta: Kitufe Hakimjui Babu

Katika nyumba nyingi za pwani hii, kuanzia Lamu hadi Vanga, picha pekee iliyobaki ya babu au bibi ni ile ya kitambulisho. Ni ndogo, imefifia pembeni, na pengine muhuri wa serikali umepita juu ya bega. Familia ikitaka kuikuza ili itundikwe sebuleni, iwekwe kwenye kijitabu cha ukoo au ichapishwe kwenye bango, picha hupelekwa dukani na hurudi na kasoro mbili. Ya kwanza, uso umevunjika vipande vipande vya mraba. Ya pili, ngozi imepaushwa mpaka wajukuu wanauliza huyu ni nani.

Kasoro zote mbili zina dawa, na dawa yenyewe haina gharama kubwa. Ni kuichora sura upya kwa programu ya michoro ya vekta. Nimekuwa nikifanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na vijana wengi huniuliza inafanyikaje. Makala haya ni ya kuwajibu wao, pamoja na wazazi wanaotaka kujua wanalipia nini wanapomwagizia kijana picha ya namna hiyo.

Vekta ni nini?

Picha ya kamera ni mkusanyiko wa vidoto vya rangi vinavyoitwa pikseli. Chukua picha ya milimita 35 kwa 45, kipimo kinachotumika sana kwa picha za pasipoti. Ukiisoma kwa mashine ya skana kwa kiwango cha vidoto 300 kwa inchi, utapata pikseli kama 413 kwa upana na 531 kwa urefu. Sasa ivute ifike upana wa mita 2 kwenye bango. Kila pikseli inakuwa mraba wa karibu milimita 5, ukubwa wa punje ya mtama. Jicho la mzee linakuwa punje chache za mtama, na hakuna mashine inayoweza kurudisha kile ambacho hakikuwamo tangu mwanzo.

Mchoro wa vekta hauweki vidoto. Unaweka maelezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi hii. Kompyuta huchora upya kila inapoulizwa, kwa ukubwa wowote. Umbo lile lile la pua litakaa safi kwenye stika ya tuktuk na kwenye ukuta wa ghorofa tatu. Faili yenyewe pia huwa nyepesi, na mara nyingi unaweza kuituma kwa simu bila shida.

Mstari uliopinda wa vekta huwa na nukta nne: mbili za mwanzo na mwisho, ambazo tunaziita nodi, na mbili za pembeni ambazo ni kama mipini. Ukivuta mpini, mstari unainama kuufuata. Hesabu yake ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliitengeneza mwaka 1959 akiwa Citroën, lakini kampuni ikaifanya siri. Pierre Bézier wa Renault aliitangaza katika miaka ya 1960, na ndiyo maana mstari huo unaitwa kwa jina lake. Walitaka kuchora bodi ya gari kwa usahihi, na leo mpindo huo huo unatuchorea shavu la bibi.

Programu gani itumike?

Adobe Illustrator ilitoka mwaka 1987 na CorelDRAW mwaka 1989. CorelDRAW ndiyo ninayoikuta zaidi kwenye maduka ya mabango na mihuri. Zote mbili ni za kulipia, na nakala nyingi zinazozunguka mitaani ni za wizi. Nakala za wizi mara nyingi huja na virusi, na zikikwama hakuna wa kumlalamikia.

Mimi huwashauri wanaoanza watumie Inkscape. Ilizaliwa mwaka 2003 kutokana na programu ya awali iliyoitwa Sodipodi, na toleo la 1.0 lilitoka Mei 2020. Ni ya bure kwa sheria na leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kwa biashara. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Huhifadhi kazi kwa mfumo wa SVG, ambao shirika la W3C liliupitisha kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2001, kwa hiyo kazi yako haifungiwi ndani ya programu moja. Kipakatalishi cha zamani chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 kinatosha kwa mchoro wa sura moja. Kalamu ya kielektroniki si lazima, kwa sababu mistari ya vekta huwekwa nukta kwa nukta na kipanya kinaweza.

Kwa nini kitufe hakitoshi

Programu nyingi za aina hii zina amri ya kugeuza picha kuwa vekta zenyewe. Katika Inkscape kazi hiyo hufanywa na Potrace, iliyotungwa na Peter Selinger. Unabonyeza, unasubiri sekunde chache, na mchoro unatokea. Kwa nembo nyeusi juu ya karatasi nyeupe, au saini, au maandishi, chombo hicho ni kizuri sana na mimi hukitumia.

Kwa uso wa mtu mambo ni mengine. Njia yake ya kawaida ni kuweka mpaka mmoja wa mwanga. Kila kilicho chini ya mpaka huwa cheusi na kila kilicho juu yake huwa cheupe, na mpaka unaowekwa tangu mwanzo uko chini kidogo ya nusu. Mtu mwenye ngozi nyeupe akiingia hapo hutoka na macho, pua na mdomo. Mzee wetu wa Kwale aliyepigwa picha mbele ya ukuta mweupe hutoka akiwa doa moja jeusi lenye kofia. Unaweza kusogeza mpaka, lakini ukiusogeza hadi pua ionekane, mara nyingi taya linamezwa na ukuta.

Hili si jambo geni. Kwa miaka mingi filamu na mashine za kusafisha picha za rangi zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Zilijulikana kama kadi za Shirley, na Kodak ilikuja kutoa kadi yenye wanawake wa rangi tofauti katika miaka ya 1990. Picha nyingi za wazazi wetu zilisafishwa kwa vipimo hivyo. Weusi wao ulikuwa umeshapoteza sehemu ya maelezo hata kabla ya kompyuta kuingia. Ukimkabidhi kitufe kazi ya pili, unapoteza tena kilichobaki.

Ndiyo maana nasema kitufe hakimjui babu. Kinajua mwanga na giza tu. Kuamua kwamba mstari huu ni kovu la kukumbukwa, na ule ni mkunjo wa karatasi wa kuachwa, ni kazi ya mtu anayetazama. Mchoraji wa vekta yuko karibu zaidi na fundi wa nakshi wa milango ya Lamu kuliko mpaka rangi. Fundi yule hana ukungu wa kujifichia, kwani kila ukingo anaukata yeye kwa patasi na lazima awe ameshaamua unapita wapi.

Hatua kwa hatua

Kutayarisha picha. Ukiwa na skana, soma picha ndogo kwa vidoto 600 au 1,200 kwa inchi. Ukiwa na simu tu, ilaze picha mahali penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, zima taa ya kamera, na simamisha simu sambamba na karatasi. Usipige picha ikiwa ndani ya kioo cha fremu. Kama kuna picha ya pili ya mtu huyo, hata ya harusini akiwa nyuma ya watu, iombe. Haitafuatishwa, lakini itakuambia kama sikio lilikuwa kubwa kweli au ni kivuli.

Kupanga tabaka. Ingiza picha ndani ya Inkscape, ipunguze ung'avu ibaki nusu, kisha ifunge isisogee. Juu yake fungua matabaka: shingo na nguo, ngozi, vivuli, mianga, macho, mdomo, na kilicho kichwani. Yape majina. Baada ya saa mbili utakuwa na maumbo mia, na bila majina utapotea kama mgeni ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale.

Kuchora umbo la kichwa. Bonyeza herufi B upate kalamu. Zungusha uso mzima kwa umbo moja lililofungwa na ulijaze rangi ya kati ya ngozi. Weka nodi chache uwezavyo. Duara kamili linahitaji nodi nne tu, na mipini yake huwa na urefu wa karibu asilimia 55 ya nusu kipenyo. Kama duara linatosheka na nne, shavu halihitaji ishirini. Nodi nyingi hufanya ngozi ionekane kama pwani ya mawe. Ziweke pale mstari unapogeuka: utosini, kwenye kipaji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye pembe ya taya na kidevuni. Kisha bonyeza N na urekebishe mipini. Mipini mifupi huleta kona, mirefu huleta ulaini.

Wanaochora hina watalielewa hili upesi. Mkono wao unajua tayari kwamba mstari mzuri hunenepa na kukonda kwa mpango, na kwamba ukisitasita katikati, ua linaharibika.

Kugawa vivuli. Hapa ndipo sura inapopatikana. Finya macho ukitazama picha hadi vitu vidogo vipotee na yabaki mabaka makubwa ya giza na mwanga. Utaona baka chini ya nyusi, baka ubavuni mwa pua, baka chini ya mdomo wa chini, na kubwa chini ya kidevu. Chora mabaka hayo kama nchi kwenye ramani, yenye mipaka kamili. Gawa uso katika ngazi tano za mwanga. Ukitumia mbili utapata muhuri, na ukitumia kumi na tano utachoka kabla ya kufika mdomoni. Baka likitoka nje ya mpaka wa uso, tumia amri ya kukatia ndani ya umbo, badala ya kuhangaika kulilinganisha ukingo kwa ukingo.

Macho. Macho ya mtu mzima yako karibu na katikati ya kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Wanaoanza huyapandisha juu kwa sababu husahau urefu wa kichwa chini ya kofia au mtandio. Nafasi kati ya jicho na jicho ni karibu upana wa jicho moja. Weupe wa jicho si mweupe: upe rangi ya majivu yenye ukahawia, na uweke kivuli chembamba juu yake, pale kope inapokinga mwanga. Kope ya juu hufunika kidogo sehemu ya juu ya mboni. Mboni ikionekana duara zima, mzee ataonekana ameshtuka. Mwisho weka nukta ndogo ya mwanga, upande ule ule kwa macho yote mawili.

Pua na mdomo. Pua haina mstari wa kuizunguka. Ina kivuli upande mmoja, mwanga juu ya mgongo wake, na matundu mawili meusi yasiyo meusi kabisa. Pua zetu nyingi ni pana, na kalamu za waliojifunza kwa mifano ya kigeni huzibana bila wenyewe kujua. Pima upana kwa picha, si kwa mazoea. Mdomo una mstari mmoja muhimu, ule wa katikati ambapo midomo inakutana. Meno yakionekana, yachore kama umbo moja la weupe uliofifia. Ukichora mstari kati ya kila jino, umemchorea mtu uzio.

Rangi ya ngozi

Nimefika hapa makusudi baada ya umbo, kwa sababu hapa ndipo pana ubishi. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mwenye duka akiongeza mwanga usoni mwa mteja bila kuulizwa, akisema ndivyo watu wanavyopenda. Inawezekana wapo wanaopenda. Lakini mtu aliyefariki hawezi kuulizwa, na picha ile ndiyo watoto wa watoto wake watakayomjulia. Kumpausha ni kuwapa ukoo mtu mwingine.

Weusi wa ngozi si rangi moja, na kivuli chake hakipatikani kwa kuongeza nyeusi. Ukiongeza nyeusi tupu juu ya kahawia, uso unakuwa wa majivu, kama mtu aliyeugua. Shusha mwanga, na wakati huo huo sogeza rangi kidogo kuelekea wekundu. Huu hapa mfano wa ngazi tano kwa mtu mweusi wa kahawia, kwa namba unazoweza kuandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha rangi: mwanga mkali B98A66, mwanga wa kawaida 8F5F3C, rangi ya kati 6B4226, kivuli 3E2018, na kivuli kizito 26120F. Ukizipanga utaona kwamba zile za chini zina wekundu zaidi, na bado ni ngozi hai.

Namba hizo ni za kuanzia tu. Kwa mtu wako, bonyeza D upate kidondoo cha rangi, kisha usibofye nukta moja bali buruta juu ya eneo, kwani programu itakupa wastani wa eneo hilo. Pikseli moja inaweza kuwa vumbi. Na kama picha imekuwa ya manjano kwa uzee, kumbuka kwamba kidondoo kitakuletea umanjano wa karatasi. Tafuta kitu unachojua rangi yake, kama kanzu nyeupe, uone imeelemea wapi, halafu urudishe nyuma kiasi hicho.

Kuna siri moja inayoutendea haki uso mweusi. Ngozi nyeusi hung'aa, na ule mng'ao wa juu kabisa hauna rangi ya ngozi bali una rangi ya mwanga wenyewe. Mtu aliyekaa barazani mchana, mng'ao wa kipaji chake huwa na ubuluu wa mbingu. Aliyekaa chini ya taa ya kandili huwa na umanjano. Weka vipande vyembamba vya mng'ao huo kwenye kipaji, ncha ya pua na mfupa wa shavu, na uso utainuka wenyewe bila kuipausha ngozi hata kidogo. Anayetaka uso uonekane vizuri aongeze mng'ao na kivuli pamoja. Akipandisha mwanga wa uso wote kwa mpigo mmoja, ameufuta.

Kofia, mtandio na kanzu

Kofia ya vito inaweza kukumaliza ukijaribu kuchora kila tundu. Chora tundu moja au ua moja, kisha ulizalishe kwa Alt na D, ambayo hutengeneza nakala zinazomfuata mama yao: ukirekebisha la kwanza, yote yanabadilika. Yapange kwa kufuata mviringo wa kofia, na yabane zaidi kila yanapokaribia ukingo. Mtandio na kanga zina mikunjo, na mikunjo ni maumbo marefu yaliyochongoka yanayoanzia pale kitambaa kinaposhikwa. Tafuta kwanza mahali hapo, chini ya kidevu au begani.

Usichore nguo kwa undani kuliko uso. Mtu hutazama palipo na mambo mengi, na sisi tunataka atazame macho.

Mitindo miwili ya kujifunzia

Si lazima kila picha ifuate rangi za asili. Huko Indonesia, Wedha Abdul Rasyid, mchoraji wa majarida, alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtindo wa sura zilizogawanywa kwa vipande vyenye mistari iliyonyooka tu na rangi kali. Yeye mwenyewe alieleza kwamba macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na kuchora ngozi kwa ulaini kukawa kugumu. Mtindo huo leo unaitwa WPAP na vijana wengi wa huko huufanya kwa programu za vekta. Ni shule nzuri kwa anayeanza, kwa sababu hakuna mipindo na lazima uamue kila kipande.

Mfano wa pili ni bango la Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, lililochorwa na Shepard Fairey mwaka 2008 kwa nyekundu, buluu mbili na rangi ya maziwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ngozi ya Obama, na hakuna asiyemtambua. Mabaka ya vivuli yako mahali pake, basi. Mtu akiona buluu usoni anajua ni mtindo. Kupausha ni tofauti, kwa sababu picha iliyopaushwa hujidai kuwa ndiyo kweli.

Mtindo wa rangi chache una faida nyingine kwetu. Fulana za kuchapwa kwa fremu ya hariri hulipiwa kwa idadi ya rangi, kila rangi fremu yake. Kanga nazo hutengenezwa kwa rangi chache kwa sababu hiyo hiyo. Mchoro wa vekta wa rangi tatu unamfikia mchapaji ukiwa umeshagawanywa.

Kupeleka kwa mpiga chapa

Inkscape hufanya kazi kwa rangi za mwanga wa skrini, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino. Kahawia nzito ndizo huharibika kwanza, maana zinaweza kugeuka nyeusi tupu. Kabla ya kulipia bango zima, lipia kipande cha A4 chenye uso tu, kitazame nje mchana, na uzifungue kidogo rangi za kivuli kama zimezama. Gharama ya karatasi moja ni ndogo kuliko ya bango la kutupwa.

Geuza maandishi yote yawe maumbo kwa kubonyeza Shift, Ctrl na C, ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta isiyo na fonti yako. Toa faili ya PDF. Kama duka linataka picha ya kawaida, toa PNG. Kwa A4 yenye vidoto 300 kwa inchi ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Jihadhari na ukungu wa kulainisha vivuli, kwani ndani ya PDF hugeuzwa kuwa pikseli na faida ya vekta inapotea. Kadhalika wavu wa rangi, ulioingia Inkscape toleo la 0.92 mwaka 2017, ni mzuri kwa ngozi laini lakini vivinjari vya intaneti haviuonyeshi. Maumbo bapa hayakuangushi popote. Faili ya asili ya SVG ibaki kwako, na nakala yake moja nje ya kompyuta hiyo.

Ruhusa na adabu

Picha iliyopigwa na mtu mwingine ni kazi yake. Shirika la habari la AP, lililodai kumiliki picha ya Obama iliyopigwa na Mannie Garcia mwaka 2006, lilivutana na Fairey mahakamani hadi wakapatana mwaka 2011. Kwetu Kenya ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Ukichora kutoka picha ya studio au ya gazeti kwa ajili ya kuuza, omba ruhusa kwanza. Sura ya mtu nayo ni yake. Muulize kabla ya kuibandika kwenye fulana, na kwa mtoto muulize mzazi.

Kuna pia familia ambazo hazitundiki picha za viumbe nyumbani kwa itikadi ya dini, na wengine huruhusu za kumbukumbu tu. Si kazi ya mchoraji kuamua ikhtilafu hiyo. Uliza mapema, na anayekataa umchoree jina la mzee kwa hati nzuri. Kalamu ile ile ya B inafanya kazi hiyo vizuri mno.

La kumalizia

Sura moja humchukua anayeanza jioni tatu au nne, na mzoefu jioni moja. Si muda mrefu kwa kitu kitakachobaki miaka. Lakini ningeomba vijana wasingoje msiba. Anza na wazee walio hai. Mchore mjomba, mchore shangazi, kisha mpelekee akiwa amekaa barazani na majirani zake. Wao ndio watakaokuambia nyusi zimezidi, au kidevu si chake, au hapo umempata. Mtu aliyemwona mzee kila siku kwa miaka arobaini haangalii nodi zako wala programu yako. Akisema ndiye, kazi imekwisha. Akinyamaza, rudi kwenye kompyuta ukatazame tena vivuli.